Pembe Imekwisha Kusikika Yavne

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita, mjini Mombasa, mbele ya mkutano wetu wa wasomaji wa historia ya dini. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kuja. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Kabla sijaingia katika mada, naomba tuitazame siku yenyewe. Leo ni Jumamosi. Sisi, kwa lugha yetu, tunaihesabu kuwa siku ya kwanza, kwa kuwa hesabu yetu huanza Ijumaa ikishapita. Myahudi anaihesabu ya saba, ndiyo Sabato yake, na lau angekuwapo hapa Myahudi anayeishika dini kwa namna ya wazee wake, asingegusa kipaza sauti hiki, asingeandika neno daftarini, na kutoka nyumbani kwake angekuja kwa miguu. Lakini yuko mwenzake, Myahudi kama yeye, ambaye asubuhi ya leo amewasha gari akaenda nalo sinagogi, na huyo naye atakwambia bila kusita kwamba anaishika Sabato. Kitabu chao ni kimoja. Imekuwaje wakafika hapo?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 4, inakataza mtu kuongeza neno juu ya sheria au kulipunguza. Mlango wa mabadiliko ulifungwa tangu mwanzo, tena kwa komeo. Hata hivyo Wayahudi wenyewe huiita sheria yao halakha, neno linalotokana na kwenda, kutembea. Sheria isiyoongezwa wala kupunguzwa, ambayo jina lake ni mwendo! Dai langu leo ni moja, nami nitalirudia mpaka mchoke: walioibadilisha sheria hii zaidi ya wote ni wale walioipenda mno, na kilichowasukuma kila mara kilikuwa ni maisha ya watu wao, yaani deni, msiba, ndoa na safari.

Tuanze na deni. Sisi tunasema dawa ya deni kulipa. Torati ilitoa dawa nyingine: mwaka wa saba ukifika, mwenye kumdai ndugu yake na amsamehe. Ni sheria ya huruma, imewekwa ili maskini asibaki mtumwa wa deni maisha yake yote. Sasa jiwekeni mahali pa mwenye mali kidogo pale Yerusalemu, yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka wa saba umebakisha miezi michache. Jirani anapiga hodi, anaomba fedha za mbegu. Unajua, naye anajua, kwamba fedha hizo zikitoka hazirudi. Utamkopesha? Torati iliona mbali, ikaonya waziwazi kwamba mtu asimnyime ndugu yake mkopo kwa kuhofia mwaka wa saba kukaribia. Watu wakalisoma onyo hilo, wakaliheshimu, na bado wakafunga milango. Ikawa sheria iliyomkinga maskini ndiyo inayomnyima mbegu.

Mwalimu mkubwa wa zama hizo, Hillel, aliyefundisha Yerusalemu wakati wa Mfalme Herode, hakusema kwamba sheria imepitwa na wakati. Aliisoma upya. Aliona kwamba inasamehe deni la mtu kwa ndugu yake. Je, deni likiwa limekabidhiwa mahakamani? Basi akaanzisha hati iitwayo prozbul, ambayo maneno yake tunayo hadi leo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi: nawakabidhi ninyi, fulani na fulani, mahakimu wa mahali fulani, kila deni ninalodai, nipate kulikusanya wakati wowote nitakapo. Chini yake hutia sahihi mahakimu, au mashahidi. Basi. Karatasi moja, na mikopo ikarudi sokoni.

Je, hiyo ni kuitii sheria au ni kuizunguka? Msifikiri ni sisi wa leo tu tunaouliza. Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inamnukuu Samweli, mwanasheria mkubwa wa karne ya 3, akiiita hati hiyo jeuri ya mahakimu, na akisema kwamba lau angekuwa na uwezo angeifuta. Hakuifuta. Na mimi navutiwa zaidi na jambo hili: kitabu kilichoihifadhi hati ndicho kilichohifadhi na lawama dhidi yake, ukurasa kwa ukurasa, bila kuona haya.

Sasa msiba. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Hebu fikirini dini ambayo sadaka zake, ukuhani wake, hija zake tatu za kila mwaka na toba yake kuu vimefungwa kwenye jengo moja, kisha jengo lile likawa majivu. Nini kinabaki? Talmudi inasimulia kwamba Rabani Yohanan ben Zakkai alitolewa katika mji uliozingirwa akiwa ndani ya jeneza, amebebwa na wanafunzi wake kana kwamba ni maiti, akafika mbele ya Vespasian, jemadari wa Roma, na kumwomba kitu kilichoonekana kidogo: mji wa Yavne na wanazuoni wake. Huko Yavne ndiko ilikotokea ile hadithi niliyoipa hotuba hii jina lake.

Sikukuu ya mwaka mpya wa Kiyahudi hupigwa baragumu, pembe ya kondoo dume. Msifikirie siwa ya Lamu, hii ni pembe ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja. Desturi ilikuwa kwamba sikukuu hiyo ikiangukia Sabato, pembe ilipigwa Hekaluni, na mahali pengine ilinyamaza. Ikatokea mwaka mmoja, baada ya Hekalu kuangamia, sikukuu ikaangukia Sabato, na watu wa miji ya jirani wakakusanyika Yavne. Rabani Yohanan akawaambia wazee wa ukoo wa Beteira: tupige. Wakamjibu: kwanza tujadiliane. Akasema: tupige kwanza, kisha tujadiliane. Ikapigwa. Wakasema: haya, sasa tujadiliane. Akawajibu: pembe imekwisha kusikika Yavne, na jambo likishatendwa halirudishwi mjadalani.

Maji yakimwagika hayazoleki! Mimi kila nikikisoma kisa hiki hucheka, kwa sababu hiyo ni hila ya mwenyekiti mzoefu, na naona Mwenyekiti wetu anatabasamu; sitauliza kwa nini. Lakini ndani ya hila ile Rabani Yohanan alifanya jambo ambalo Hillel hakuhitaji kulifanya. Aliichukua heshima ya Hekalu akaikabidhi mahakama ya wanazuoni, popote itakapokaa. Kutoka hapo njia ilikuwa wazi. Sala zikashika nafasi ya sadaka, meza ya chakula ikashika nafasi ya madhabahu, na rabi, ambaye hazaliwi rabi bali husomea, akashika nafasi ya kuhani. Mwana-kondoo wa Pasaka hakuchinjwa tena. Mezani ukabaki mfupa mmoja wa kuchomwa, ukumbusho tu. Naomba mwukumbuke mfupa huo, tutaurudia.

Sasa tuje baharini, maana sisi ni watu wa pwani, na wengi wetu tuna babu au mjomba aliyeondoka na jahazi asirudi.

Mume akizama, mke wake ni mjane. Lakini ni nani aliyemwona akifa? Sheria ya Kiyahudi inatofautisha maji yenye mwisho na maji yasiyo na mwisho. Akizama katika bwawa ambalo ukisimama ukingoni unaziona pande zake zote, ukangoja na hakuibuka, amekufa. Akizama baharini, huenda ameibuka mbali usikomwona, huenda wimbi limemtupa nchi nyingine. Na mke wake haruhusiwi kuolewa tena. Mwanamke wa namna hiyo huitwa aguna, neno lenye asili moja na nanga. Ametiwa nanga. Hana mume, naye si mjane.

Torati inataka mashahidi wawili katika kila shauri. Wanazuoni wa kale, wakiwatazama wanawake waliotiwa nanga kwa vita na kwa bahari, wakakubali shahidi mmoja. Kisha wakakubali shahidi aliyesikia kwa mwingine. Kisha wakakubali ushahidi wa mtumwa, na wa mwanamke, ambao katika mashauri mengine ya zama zile haukupokewa. Hawakuifuta ile amri ya mashahidi wawili. Waliilegeza mahali hapa pamoja, kamba baada ya kamba, kwa kuwa walimwona mtu aliyekuwa akikabwa nayo.

Na hii si hadithi ya mbali na sisi. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, yaani Misri ya Kale katika jiji la Cairo, palikuwa na chumba ambamo kwa karne nyingi Wayahudi walitupia karatasi zilizochakaa, kwa kuwa hawakutaka kuharibu maandishi yenye jina la Mungu. Mwishoni mwa mwaka 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda huko, na vipande vipatavyo 193,000 vikahamia Cambridge, Uingereza. Si vitabu vya dini tu. Kuna barua za wafanyabiashara waliopita Aden kwenda India wakingoja pepo zile zile walizozingoja wazee wetu, pepo za kusi na kaskazi. Kuna mikataba ya ndoa ambamo mume anaahidi kutooa mke wa pili bila ya ridhaa ya wa kwanza. Na kuna wasafiri walioacha nyumbani hati ya talaka yenye sharti: nisiporejea kwa muda fulani, mke wangu ameachika. Mtu anampenda mke wake, ndiyo maana anamwandikia talaka kabla ya kupanda chombo! Mnaona jinsi karatasi kavu ya sheria inavyoweza kuwa barua ya mapenzi?

Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu mkubwa kuliko wote wa zama zake, aliishi mji huo huo wa Fustat hadi kufa kwake mwaka 1204. Mdogo wake Daudi, aliyekuwa akimlisha kwa biashara ili yeye apate kusoma, alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yake na mali ya watu, akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliandika baadaye kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa homa na majonzi. Huyo ndiye aliyeipanga sheria yote ya Kiyahudi katika juzuu kumi na nne. Sidhani kwamba mlango wa wajane wa baharini aliuandika kwa mkono mtulivu.

Wakati watu wa Fustat wakiifungia ndoa ya wake wawili kwa masharti ya mkataba, wenzao wa Mainz, katika Ujerumani ya leo, walikuwa wameifungia kwa njia kali zaidi. Karibu na mwaka 1000, kwa jina la Rabi Gershom, ulitangazwa mwiko: asioe mtu juu ya mke wake, wala asimwache mke asiyeridhia kuachwa. Kwa jina lake pia umo mwiko wa kusoma barua ya mtu mwingine bila idhini yake. Wenye mazoea ya kuchungulia simu za wenzao, nadhani mmesikia. Mwiko huo kwa Kiebrania ni herem, ndugu wa damu wa neno letu haramu. Lakini tazameni: Torati inaruhusu wake wengi, na Yakobo alikuwa na wake. Rabi Gershom hakudai kwamba Torati imekosea. Jamii yenyewe ilijifunga, na aliyevunja alitengwa: haliwi naye, hauziwi, hasaliwi naye. Wayahudi wa Yemen, ambao mwiko huo haukuwafikia, waliendelea kuoa wawili, na walipohamia Israel mwaka 1949 na 1950 waliokuwa tayari na wake wawili waliachwa nao.

Nguvu ya kutenga, basi, ndiyo iliyokuwa meno ya sheria. Je, meno hayo yakingʼoka?

Yalingʼoka Paris. Mnamo Desemba 1789, katika bunge la mapinduzi, mbunge Clermont-Tonnerre alisema kwamba Wayahudi kama taifa wanyimwe kila kitu, na kama mtu mmoja mmoja wapewe kila kitu. Mwaka 1791 Wayahudi wote wa Ufaransa wakawa raia. Ilikuwa neema kubwa baada ya karne nyingi za kodi maalumu, mitaa ya kufungiwa na kufukuzwa. Lakini raia hawezi kuhukumiwa na wazee wa sinagogi asipotaka. Mwaka 1806 Napoleon aliwakusanya wakuu wa Kiyahudi akawauliza maswali kumi na mawili, la kwanza likiwa: je, Myahudi anaruhusiwa kuoa wake wengi? Wakamjibu kwa mwiko wa Rabi Gershom. Mwiko wa jamii iliyojihukumu yenyewe ukageuka kuwa cheti cha uraia mwema mbele ya mfalme wa watu wengine.

Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. Mwaka 1818 ilifunguliwa Hamburg nyumba ya ibada iliyokuwa na kinanda, mahubiri ya Kijerumani na sala zilizohaririwa. Kutoka Pressburg, mji uitwao leo Bratislava, Rabi Moshe Sofer akajibu kwa maneno makali: kipya kimeharamishwa na Torati. Maneno hayo asili yake yahusu nafaka mpya ya msimu, isiyoliwa kabla ya sadaka yake kutolewa. Yeye aliyachukua akayafanya fimbo ya kupiga kila ugeni. Nathubutu kusema kwamba hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya kabisa. Hillel asingelielewa.

Hayo ya kisasa nayapitia haraka. Mwaka 1935 Regina Jonas wa Berlin akawa mwanamke wa kwanza kupewa urabi. Mwaka 1944 aliuawa Auschwitz, mmoja wa Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, na pamoja nao zilikufa jamii nzima za Ulaya Mashariki na desturi zao ambazo hakuna aliyebaki kuzisimulia. Mwaka 1950, huko Marekani, kamati ya sheria ya tawi la Kihafidhina iliruhusu watu kuendesha gari siku ya Sabato kwa safari moja tu, ya kwenda sinagogi, kwa sababu waumini walikuwa wamehamia vitongoji vya mbali. Yule mwenye gari niliyeanza naye ndiye mtoto wa fatwa hiyo. Na Israel, mwaka 1953, ilizipa mahakama za kirabi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Wayahudi. Ninyi mnaoijua Mahakama ya Kadhi mtaelewa bila maelezo marefu. Meno yakarudi, lakini sasa ni meno ya dola. Aguna wa leo, mara nyingi, mumewe yu hai, anaonekana mitaani, anakataa tu kutoa hati ya talaka. Na tangu sheria ya mwaka 1995 mahakama inaweza kumnyangʼanya mume huyo pasipoti na leseni ya gari, hata kumtia jela.

Namalizia na watu ambao kwao mabadiliko yote haya hayakutokea. Beta Israel wa Ethiopia walikuwa na Torati kwa lugha ya Giizi, wakiongozwa na makuhani waitwao kes. Hawakuwa na Mishna wala Talmudi. Hanuka hawakuijua. Na mwana-kondoo wa Pasaka, yule ambaye kwa wengine amebaki mfupa mmoja mezani, wao walikuwa wakimchinja hadi karne ya 20. Mwaka 1973 Rabi Ovadia Yosef, akitegemea fatwa ya mwanazuoni wa Misri wa karne ya 16, alitamka kwamba hao ni Wayahudi. Kuanzia Novemba 1984 hadi Januari 1985 maelfu yao walisafirishwa kwa ndege kutoka Sudan, baada ya wengi kufia njiani na kambini.

Walipofika Israel, ofisi kuu ya marabi ikawataka wazamishwe majini kwanza, kwa ishara ya kuingia upya katika Uyahudi. Na kwa nini? Kwa ajili ya talaka! Talaka zao hazikuandikwa kwa utaratibu wa marabi. Basi mwanamke aliyeachika kwao na kuolewa tena, watoto wake ni wa ndoa halali? Karatasi ile iliyobuniwa kumfungua mke wa baharia sasa ilikuwa inamfunga mwanamke aliyetembea kwa miguu kutoka Gondar. Mwaka 1985 waliketi barabarani mbele ya ofisi hiyo, Yerusalemu, karibu mwezi mzima, wazee kwa watoto. Waliokuwa wameishika Torati bila kuibadilisha wakaulizwa kama ni Wayahudi kweli na wale ambao wazee wao walikuwa wameibadilisha kwa miaka elfu mbili ili wasiipoteze.

Wanayo sikukuu yao iitwayo Sigd, siku ya hamsini baada ya Siku ya Upatanisho, na mwaka 2008 bunge la Israel liliifanya sikukuu ya taifa. Zamani walikuwa wakipanda mlima nchini Ethiopia, wakafunga, wakasoma Torati na kuomba warudishwe Yerusalemu. Siku hizi hukusanyika Yerusalemu kwenyewe, juu ya kilima unakouona mlima wa Hekalu ngʼambo ya bonde. Makes husimama chini ya miavuli ya rangi, wakaisoma kwa Giizi dua ile ya kuomba kufika, na vijana waliozaliwa pale, wasiojua neno la lugha hiyo, husimama kimya nyuma yao wakiutazama mlima.

Asanteni kwa kunisikiliza.